Mfalme Aliyegeuza Mgongo: Juu ya Peter Mkuu katika Shairi la Pushkin

Wanahistoria wapimapo matengenezo ya Peter Mkuu wa Urusi, aghalabu hutaja jeshi, merikebu na vyeo. Aleksandr Pushkin, ambaye naye alikuwa akikusanya hati ili aandike historia ya mfalme huyo, alichagua kipimo kingine katika shairi lake "Mpanda Farasi wa Shaba": nyumba ndogo ya mjane, iliyojengwa mahali pa chini karibu na bahari. Nakusudia kuonyesha kwamba kipimo hicho ni cha haki, wala si tusi kwa mfalme.

Peter alitawazwa mwaka 1682, akafa mwaka 1725. Alisafiri Uholanzi na Uingereza kujifunza uundaji wa merikebu. Akawanyoa watu wake ndevu kwa amri. Akahamishia mwanzo wa mwaka Januari. Na mwaka 1703 akaanza kujenga St. Petersburg penye matope ya mto Neva, katika nchi aliyowanyang'anya Waswidi vitani. Mji huo haukuinuka kwa hiari ya wajenzi. Wakulima walipelekwa huko kwa maelfu, kwa kulazimishwa, na mwaka 1714 ujenzi wa mawe ulikatazwa mahali pengine pote katika dola, ili waashi wasiwe na kazi ila huko. Kisha ikafuata kodi ya kichwa.

Shairi lilitungwa Boldino mwaka 1833. Laanza na mfalme asiyetajwa jina, amesimama ukingoni mwa mto mtupu, akiwaza mji na njia ya kufikia Ulaya. Mara miaka mia imepita, na mtungaji ausifu mji kwa sauti yake mwenyewe: kingo za mawe, usiku wa kiangazi usio na giza, vigari vipitavyo juu ya theluji. Wako wasomaji wasemao kwamba sifa hizi ni kejeli. Siwezi kukubaliana nao. Asiyeupenda mji hawezi kuujua mwanga wake kwa kiasi hicho. Tena Pushkin alikuwa na deni la ukoo. Abram Hannibal, babu wa mama yake, alichukuliwa utotoni kutoka Afrika akafikishwa kwa Peter, aliyekuwa baba yake wa ubatizo, akampeleka Ufaransa kusomea ujenzi wa ngome. Baadaye alipanda hata cheo cha jenerali. Mwaka 1827 Pushkin alianza riwaya juu yake, asiimalize. Mtu wa namna hii angewezaje kuyalaani matengenezo ya Peter asiulaani ukoo wake?

Kwa hiyo yapasa kumtazama vizuri Yevgeny, ambaye wahakiki wengi humpita upesi. Yeye si mkulima wala mwasi. Ni karani maskini wa serikali, wa ukoo uliokuwa na jina zamani, jina ambalo mtungaji asema hatuna haja nalo. Utumishi wa makarani kama yeye ulipangwa na Peter mwenyewe kwa Jedwali la Vyeo la mwaka 1722, lililokuwa na daraja 14 na kuutanguliza utumishi mbele ya nasaba. Basi huyu naye ni mtoto wa matengenezo. Ataka nini? Cheo kidogo, mke, watoto. Hana ugomvi na mfalme. Mji wa mfalme, uliowekwa palipo na mafuriko, ndio umjiao juu.

Mafuriko ya Novemba 7, 1824, kwa kalenda ya Urusi ya wakati ule, yalitokea kweli. Yevgeny amenusurika juu ya simba wa mawe, macho yakielekea upande anakokaa Parasha, mchumba wake. Mbele yake, juu ya maji, imesimama sanamu ya Peter, kazi ya Falconet, iliyozinduliwa mwaka 1782 katika enzi ya Catherine wa Pili. Nayo imempa mgongo. Mfalme aliye hai, Alexander wa Kwanza, atokea roshanini akikiri kwa huzuni kwamba wafalme hawayawezi maumbile ya Mungu. Yule wa shaba hakiri kitu.

Kasoro ipo. Parasha hana uso wala hatamki neno. Twamjua kwa ua usiopakwa rangi na mti mmoja tu. Ikiwa nyumba hiyo ndiyo kipimo, ilitupasa tuingie ndani walau mara moja.

Nyumba imechukuliwa na maji, na Yevgeny ameingiwa na wazimu. Siku moja aikabili sanamu, aitisha kwa kunong'ona, kisha akimbia usiku kucha akisikia kwato nyuma yake. Tangu hapo, kila apitapo uwanjani, hushika moyo wake, huvua kofia, wala hainui macho. Katika maandishi yake ya historia, Pushkin alitofautisha taasisi za Peter, zilizotoka katika akili pana, na amri zake nyingine, zilizoonekana kana kwamba zimeandikwa kwa mjeledi. Kofia hiyo iliyovuliwa yaeleza jambo hilo hilo kwa nguvu zaidi.

Tsar Nicholas wa Kwanza, aliyejifanya mkaguzi wa maandishi ya Pushkin, alitia alama kadha wa kadha katika shairi hili, mojawapo penye neno lililoifanya sanamu ya babu yake kuwa mungu wa kuchongwa. Pushkin alijaribu kurekebisha, akaacha. Lilichapwa mwaka 1837, baada ya kifo chake, na rafiki yake Zhukovsky alikuwa amelainisha mahali pale pale ambapo karani amtisha mfalme.