Sifa za Mradi Mtupu

Mradi ninaouonea fahari kuliko yote haufanyi kitu. Huandika "Hujambo" kwenye kivinjari, basi. Ila neno hilo nililiandika kwa Java, na kivinjari hakijui Java, kinajua JavaScript. Majina yasikuhadae. Lugha hizi zilijitokeza mwaka mmoja, 1995, na undugu wao hauzidi ule wa akina Juma wawili waliokutana kwenye basi.

Nilitumia GWT, kompaila ya kugeuza Java kuwa JavaScript ambayo Google waliitoa mwaka 2006. Ukiacha ukurasa wa HTML wa kuupakia, kuutandika mradi ni kazi ya mafaili matatu: pom.xml inayomweleza Maven, mjenzi wa miradi ya Java, avute nini, faili la moduli, na klasi moja yenye onModuleLoad, mlango ambao programu huingilia. Ndani ya faili la moduli uko mstari mmoja wa kurithi moduli ya msingi ya GWT. Niliusahau, nikailaumu kompaila mchana kutwa. Anayenakili mradi wa mwenzake hapati aibu hiyo, wala hajui mstari huo una kazi gani.

Uhondo wenyewe umo kwenye namba. Java ikigawanya 7 kwa 2 kwa namba kamili hupata 3. JavaScript hupata 3.5, kwa kuwa namba zake za kawaida zote ni za desimali. Basi kompaila huongeza alama ndogo ya kukata kilichozidi, na wewe huoni kitu. Namba ndefu za Java, zile za biti 64, ni kesi nyingine. Katika JavaScript, chukua 9007199254740992, ongeza 1: utarudishiwa ileile. GWT ikikutana na namba ya ukubwa huo huivunja vipande vitatu, vya biti 22, 22 na 20, ikavijumlisha kimoja kimoja huku ikibeba kinachofurika, kama tulivyofundishwa kujumlisha na kubeba mkononi darasa la pili. Ni polepole, lakini haikosei jibu hata moja. Mimi napenda fundi wa namna hiyo.

Kuna vitu GWT haitoi, nayo haijifanyi kuwa inatoa. Ukiiita klasi ya java.io.File usome diski ya mtu, ujenzi unakatika papo hapo. Bora hivyo.

Siku "Hujambo" ilipotokea sikuongeza kitufe wala rangi. Niliandika klasi ya pili, ndefu, ya mahesabu ya mikopo, nisiiite popote. Nikachapa tena amri ya Maven ya kujenga, mvn package, nikasubiri, nikapima faili la JavaScript lililotoka. Halikuwa limeongezeka hata baiti moja.