Ndege Waliotangulia Msitu

Fundi atakaye kuitoa hadithi kitabuni na kuitia katika senema hukabiliwa na suala zito kuliko yote ya taa na mitambo: je, watakaoketi gizani kumtazama waje na ilimu kiasi gani? Jawabu lililonikinaisha nimelipata kwa Akira Kurosawa wa Japani, ambaye mwaka 1957 aliuchukua mchezo wa Shakespeare, ule tuusomao kwa Kiswahili tangu S. S. Mushi alipoufasiri kwa jina la Makbeth mwaka 1968, akauhamishia katika zama za vita vya majemadari wa Kijapani, asibakishe hata mstari mmoja wa mshairi yule, akauita Kumonosu-jō, yaani Ngome ya Utando wa Buibui.

Siku nilipoitazama kwanza nilikuwa na nusu ya maarifa. Kisa nilikijua, lakini sikujua lolote mintarafu ya Noo, tamthilia ya kale ya Japani yenye vinyago na mwendo wa kuburura nyayo, ambayo juu yake Isuzu Yamada amemjenga Asaji, mke wa jemadari Washizu, huyo Makbeth wa Kijapani. Usiku wa kumwua bwana wao, Asaji aingia kizani hata haonekani kabisa, husikii ila mchakacho wa hariri yake. Punde hariri ile yarejea, naye mikononi ameshika mtungi wa pombe ya kuwalaza walinzi. Aliyelelewa na Noo bila shaka huutambua hapo mwendo wa jukwaa la wazee wake. Mimi nilisikia nguo tu, na mwili ukanisisimka.

Filamu zinazowategemea waliokwisha soma ni hafifu, na hafifu zaidi, kwa maoni yangu, ni zile zinazomsimamisha mtu atusimulie kila jambo kana kwamba macho hatuna. Kurosawa amemwekea mtazamaji lililo lazima, wala hakuzidisha: kabla ya vita vya mwisho zimwi la msituni lambashiria Washizu kwamba hatashindwa mpaka msitu wenyewe utembee. Kisha, usiku wa mwisho, mashoka yasikika kwa mbali, na ghafula ndege wengi waingia ukumbini wakirukaruka juu ya vichwa vya watu. Shakespeare hana ndege hao. Msomi wa mchezo hufahamu mara moja kwamba miti yakatwa na viota vimeanguka. Asiyesoma hushikwa na wahaka asioujua sababu, hata kulipokucha, miti ilipoanza kusogea katika ukungu, akaipata maana kwa macho yake mwenyewe, na sidhani kama furaha yake ni haba kuliko ya msomi.

Tena mwishoni fundi huyu amefanya jambo ambalo sijachoka kulistaajabia. Macduff, yule amwuaye Makbeth katika mchezo, nilimngoja, wala hakuja. Askari wa Washizu mwenyewe ndio waliomgeukia kwa pinde zao, na mishale mingine ilikuwa ya kweli, ikirushwa na wapigaji hodari karibu na mwili wa Toshiro Mifune, mwigizaji wa Washizu, ndiyo maana hofu ile usoni mwake haifanani na maigizo. Yote niliyoyasoma hayakunifaa tena kitu. Nilikaa sawasawa na asiyepata kukifungua kitabu kile, macho yangu kwenye mshale uliompenya shingoni.