Mtunza Kanda wa Sebuleni

Nyuma ya runinga nyingi siku hizi utakuta king'amuzi, nyaya zilizosongamana na vumbi. Katika nyumba chache kuna cha ziada: kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, iliyobeba filamu, muziki, picha na kanda zote za familia. Aliyeiweka pale ni kijana wa nyumba, au mjomba mwenye subira, au mama aliyechoka kuona bando likimwishia katikati ya filamu. Hana cheti cha kazi hiyo, na akimaliza watu husema tu kwamba TV imekuwa nzuri. Kwangu mimi huyo ni fundi hasa, tena wa kuheshimiwa.

Kompyuta yenyewe haihitaji maneno mengi. Raspberry Pi ilianza kuuzwa Uingereza tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35. Eben Upton na wenzake wa Cambridge walitaka watoto wapate mashine ya bei nafuu ya kujifunzia kuandika programu. Memori yake ilikuwa megabaiti 256 tu, lakini chipu yake ilitoka katika ukoo wa chipu za kuchezesha video, kwa hiyo ilionyesha picha ya 1080p bila kuhema. Watu wazima waliliona hilo upesi, wakaipeleka sebuleni. Programu walikuwa nayo tayari. Mwaka 2002 wapenzi wa Xbox, mashine ya michezo ya Microsoft, walianza kuandika programu ya kuifanya icheze filamu na muziki. Programu hiyo ikakua, ikaitwa XBMC, na mwaka 2014, ilipokuwa imekwisha kuiacha Xbox mbali, ikapewa jina la Kodi. Inatolewa bure. Ukiifungua mara ya kwanza haina filamu hata moja. Wapo wanaouza visanduku vilivyojazwa chaneli za wizi kwa jina lake, hao siwazungumzii. Ninayemsifu anaanza na rafu tupu, na kila kitakachokaa pale atakiweka mwenyewe.

Kwetu pwani kazi huanza na umeme na joto. Raspberry Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, na chaja ya simu iliyookotwa kwenye droo haizitoi. Kompyuta itawaka, filamu itaanza, kisha kwenye kona ya juu ya skrini itatokea alama ndogo ya radi, ya rangi ya njano. Asiyejua atailaumu filamu. Fundi atabadilisha chaja. Diski ikiwa kubwa, yenye chaja yake, ataiacha ijitegemee, kwa sababu tundu zote za USB za bodi hiyo zinagawana ampea 1.2 tu. Ikifika nyuzi 80 za joto prosesa huanza kujipunguza kasi, na Dar es Salaam mwezi wa pili hilo si jambo la mbali. Ndiyo maana kava la aluminiamu, linalotoa joto lenyewe bila feni, nalipenda kuliko la plastiki. Halipigi kelele watu wanaposikiliza. Umeme ukikatika ghafla memori kadi inaweza kuharibika, na hapo mtu mwenye busara huchagua LibreELEC, mfumo wa kompyuta wa kuendeshea Kodi, ambao husomwa tu, hauandikwi kila wakati, hivyo hustahimili zaidi nyumba ambayo umeme unakuja na kuondoka.

Hayo yote kijana mwerevu atayamaliza kwa jioni moja. Ufundi wenyewe uko kwenye kanda.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo nyumba za Bara zilizokuwa na runinga kabla ya hapo zilitegemea deki. Deki ndiyo ilikuwa kituo. Harusi zilirekodiwa kwenye VHS, taarab ikajaa kwenye kaseti, filamu za kigeni zikasimuliwa upya kwa Kiswahili na watu kama Lufufu, ambaye kwa waliokua kwenye vibanda vya video sauti yake ndiyo filamu yenyewe. Mali hiyo bado imo makabatini, kwenye maboksi, juu ya dari, na unyevu wa pwani unaila.

Kwa hiyo mtunza kanda haanzi kwa kuchomeka. Anaishika kanda, anaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, anatazama kupitia kile kioo kidogo cha plastiki. Ukingo wa utepe ukiwa mweusi na laini, kanda ni nzima. Ukiwa na madoa meupe mfano wa vumbi la unga, hiyo ni kuvu, na kanda ya namna hiyo haichezwi mpaka isafishwe, maana itaipaka deki kuvu na deki itazipaka nyingine. Iliyo nzima huingizwa, deki ikaunganishwa na kifaa cha kunasa picha kwenye laptop, kisha mtu anakaa. Hakuna njia ya mkato. Kanda ya E-180 ni ya saa 3, na kuinasa ni saa 3 zilezile. Anachopata ni picha ya mistari 576, yenye rangi zilizofifia na mstari wa kelele chini ya skrini. Kuna programu za kuilainisha mpaka nyuso zionekane kama nta. Nashauri aachane nazo. Aihifadhi ilivyo.

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote, nayo ni ya kuandika. Filamu ya Hollywood ukiiweka kwenye folda kwa jina sahihi na mwaka wake kwenye mabano, Kodi huenda yenyewe kwenye intaneti ikaleta bango, waigizaji na muhtasari. Filamu nyingi za Kitanzania za enzi ya DVD huko hazimo. Harusi ya shangazi, Pangani, 1996, ndiyo kabisa. Hapo mtunza kanda anafungua faili jingine la maandishi, lenye jina lilelile la video lakini likiishia na nfo, na anajaza kwa mkono wake kile ambacho wengine huletewa: jina, mwaka, muhtasari, nani yumo. Anachagua picha moja nzuri kutoka kwenye video yenyewe iwe bango.

Muhtasari huo hawezi kuuandika peke yake. Mimi wa harusi ile niliuandika nikiwa na mama mkubwa, video ikisimama na kuendelea.

"Simamisha hapo, mwanangu. Huyo aliyeshika sinia ni shangazi yake baba yako, alitoka Muheza. Andika."

"Na huyu wa pembeni, mama?"

"Ndiye somo wa bibi harusi. Alijua nyimbo zote. Na huyo mtoto anayelia ni wewe."

Yote nikaandika. Sasa harusi ile iko kwenye rafu ileile na filamu kubwa za dunia, ina bango lake, ina mwaka wake, na mtoto aliyezaliwa baadaye akiibonyeza anasoma majina ya watu wake kabla picha haijaanza. Sijui kazi nyingine ya kompyuta iliyonipa furaha kama hiyo.

Kaseti nazo zina utaratibu wake: waya kutoka tundu la hedifoni, sauti inanaswa bila kubanwa, takriban megabaiti 10 kwa dakika, ndipo ageuze kuwa FLAC, itakayochukua kama nusu ya nafasi bila kupoteza chochote. Kila wimbo aukate peke yake na aandike kikundi, mwimbaji, upande wa kaseti. Filamu aliyosimulia Lufufu iwekwe kwenye faili la MKV, ambalo hubeba sauti mbili, ya asili na ya kwake, mtazamaji achague.

Na bibi asiyetaka kujua lolote kati ya haya hana haja ya kujua. Kwenye waya wa HDMI kuna njia ya kupitishia amri iitwayo CEC. Samsung huiita Anynet+, LG huiita Simplink. Ikiwashwa kwenye mipangilio ya runinga, rimoti ileile aliyoizoea ndiyo inayoendesha Kodi. Nyumba ambayo bibi anahitaji kumwita mjukuu ili asikilize taarab yake, kazi haijakamilika.

Kwa anayeanza leo: Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Mikanda ya mpira ndani ya deki zilizobaki inalegea, na mafundi wanaozijua wanazeeka. Anza na VHS, kisha kaseti. DVD zinaweza kusubiri kidogo, na picha za kwenye simu zitasubiri zaidi. Ukimaliza kila boksi nakili yote kwenye diski ya pili, na hiyo ikakae kwa ndugu wa mji mwingine.