Heko, Wakaliga
Kabla filamu zao hazijaonekana kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta, Kassel, Ujerumani, mwaka 2022, waigizaji wa mtaa wa Wakaliga walizitembeza DVD wenyewe mitaani Kampala, wamevaa mavazi ya kuigizia. Nabwana I.G.G. alianzisha studio yao, Ramon Film Productions, mwaka 2005. Bunduki zao za kuigizia ni vyuma chakavu. Damu bandia hutiwa ndani ya kondomu ili ipasuke vizuri. Nakala asilia ya filamu yao “Who Killed Captain Alex?” (2010) ilifutwa kwenye kompyuta kupisha kazi nyingine, ikabaki nakala yenye sauti ya msimulizi VJ Emmie, anayechombeza na kutania kila risasi inapolia. Afadhali, maana pongezi zangu kubwa ni zake na wenzake wa vibanda vya video, waliowasimulia Waganda sinema za ng'ambo kwa Kiganda.