Tarehe 31 Oktoba na Ubeti wa Saba

Kwenye kalenda Halloween huonekana kama siku inayojitegemea. Marekani, Kanada na Ireland watoto huvaa vinyago, hupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, na kesho yake maboga yaliyochongwa hutupwa. Ukiisoma peke yake, hata tarehe yake haielezeki. Kwa nini 31 Oktoba? Jibu limo katika siku inayofuata. Huo ni mkesha wa Watakatifu Wote, na kwa hesabu ya liturujia sikukuu kubwa huanza jioni ya kuamkia, kama Ramadhani inavyoanza mwezi unapoandama magharibi. Baada ya tarehe 1 Novemba huja tarehe 2, siku ya Marehemu Wote. Usiku, watakatifu, marehemu: huu ni utungo mmoja wenye sehemu tatu, na anayetaka kuuhakiki lazima ausome mpaka mwisho.

Utungo huo ulikua polepole. Mwanzoni mwa karne ya 7 Papa Boniface IV aliliweka wakfu hekalu la Pantheon mjini Roma kwa heshima ya Bikira Maria na mashahidi wote, na kumbukumbu yake ilikuwa 13 Mei. Tarehe 1 Novemba ilipata nguvu karne ya 9 katika himaya ya Wafranki, ambako mwaka 835 Mfalme Louis Mcha Mungu aliieneza kwa himizo la Papa Gregory IV. Wengi hudai ilichaguliwa ili kuifunika Samhain, sikukuu ya Waireland ya kuingia majira ya baridi. Dai hilo halinishawishi, kwa sababu Waireland wenyewe, katika kalenda yao ya watakatifu ya wakati huohuo, waliwakumbuka watakatifu wote wa Ulaya 20 Aprili. Kama shabaha ingekuwa Samhain, wao ndio wangetangulia kuishika Novemba. Sehemu ya tatu iliongezwa karibu na mwaka 1000 na Odilo, abate wa Cluny huko Ufaransa, aliyeagiza monasteri zake ziwaombee marehemu wote tarehe 2.

Kwa karne nyingi Misa ya siku hiyo ilikuwa na shairi lake la Kilatini, Dies Irae, la karne ya 13, ambalo wengi wamelihusisha na Mfransisko Thomas wa Celano. Msomaji wa tenzi atalitambua haraka. Kila mshororo una mizani minane, na mishororo mitatu ya kila ubeti ina kina kimoja. Lakini mshororo wa nne haupo. Katika utenzi, mshororo huo ndio mlango: hubeba kina kinachorudi beti zote, hukushika mkono na kukupeleka mbele. Hapa mlango umeondolewa. Kila ubeti unajifunga wenyewe kwa vina vitatu, kisha unaanza mwingine wenye vina vyake. Kwa hiyo kabla hata ya kuelewa maneno, sikio limekwisha kuzingirwa. Sijui muundo unaoifaa zaidi mada ya hukumu.

Sasa tazama nafsi. Beti sita za kwanza hazina “mimi”. Dunia inaungua, tarumbeta inalia, makaburi yanatii, mauti yenyewe inashangaa, kitabu kinafunguliwa, hakimu anaketi. Ni tamasha la kutisha, nasi tunalitazama tukiwa salama kama watazamaji. Katika ubeti wa saba msemaji anajitokeza ghafla na kuuliza yeye atasema nini siku hiyo. Mpangilio wa vina haubadiliki, mizani haibadiliki, ila aliyekuwa anatazama sasa ndiye anayetazamwa. Kuanzia hapo shairi ni maombi ya mtu mmoja, anayemkumbusha Yesu uchovu wa kumtafuta, anayemtaja mwanamke aliyesamehewa pamoja na mwizi aliyesikilizwa.

Mwishoni muundo unavunjika. Vina vya utatu vinaachwa, mishororo inakwenda miwili miwili, na miwili ya mwisho kabisa inapungukiwa na mizani moja kila mmoja na haina kina kamili. Wapo wataalamu wanaoona kwamba kipande hicho kiliongezwa ili shairi lifae ibada. Huenda ni kweli, lakini aliyekiunga alikuwa na sikio: papo hapo umbo linapolegea, “mimi” anaondoka na kuwaachia nafasi “wao”, marehemu wanaoombewa pumziko. Hofu, kujihoji, kuombea wengine. Njia yote ya 31 Oktoba hadi 2 Novemba imo ndani ya shairi moja.

Ndiyo maana inaniuma kuona lilivyokatwakatwa. Mwaka 1955 Papa Pius XII aliufuta mkesha wa Watakatifu Wote katika kalenda ya Roma, na usiku ukabaki mikononi mwa mtaa, uliouchukua bila siku mbili zinazoufuata: beti sita bila ya saba. Kisha, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani, Dies Irae iliondolewa katika Misa za wafu, kwa hoja kwamba maandishi ya aina hiyo yalitilia mkazo mno hofu na hukumu. Hoja hiyo inazifaa beti za mwanzo tu. Walioitoa walilihukumu shairi kwa tarumbeta yake.

Mtunzi wa muziki Gabriel Fauré alikata upande wa pili. Katika Requiem yake, yaani muziki wa Misa ya wafu, iliyoimbwa mara ya kwanza Paris mwaka 1888, aliacha karibu shairi lote akabakiza mishororo miwili ya mwisho, akampa soprano mmoja aiimbe. Ni muziki mzuri mno, nami huusikiliza kila Novemba. Hata hivyo ombi hilo kwa ajili ya “wao” linaimbwa na mtu ambaye hajapita kwenye ubeti wa saba, na ukilijua shairi zima utausikia upungufu huo katika utulivu wake wenyewe.