Jembe, Mashine na Akili: Kuihakiki Upya Elimu ya Kujitegemea

Mwezi wa Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Aghalabu tunalikumbuka kwa jembe na shamba la shule. Katika insha hii tunakusudia kuonyesha kwamba usomaji huo ni finyu, na kwamba ufinyu wake ni wa hatari zaidi katika zama hizi ambamo mashine zinatenda kazi nyingi zilizokuwa za mikono, na hata baadhi ya zile zilizokuwa za karani.

Andiko lenyewe halikudai jasho peke yake. Lilitaka wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua mambo ya shamba lao, kisha waione faida au hasara ya uamuzi wao. Lakini katika shule nyingi sehemu ya kufikiri iliachwa, ikabaki ya kulima. Na mara nyingine kulima kukawa adhabu. Hapo kosa halikuwa la jembe, bali la kuitenga kazi na maarifa yake.

Tutazame mfano ulio karibu. Mwanafunzi wa Liparamba, kata iliyokuwa ya Mbinga na ambayo leo imo katika Wilaya ya Nyasa iliyoundwa mwaka 2012, akipanda kwenda milima ya Umatengo ataona miteremko iliyojaa vishimo vilivyopangwa kama nyavu. Hiyo ndiyo ngoro. Nyasi hukatwa, zikalazwa kwa mistari inayokatana. Udongo huchimbwa katikati na kuzifunika, yakawa matuta ya kupandia maharage, na baadaye mahindi. Nyasi huoza zikawa mbolea, na shimo huzuia maji yasichukue rutuba kwenda bondeni. Wamatengo wamelima hivyo kwa zaidi ya miaka 100. Je, hii si elimu ya maumbo, ya maji na ya udongo? Wanaotuambia leo kwamba uchumi wa maarifa utatufikia kutoka ng'ambo, ukiwa ndani ya kasha la kompyuta, hawajaitazama milima hii.

Hata hivyo, hatuna budi kujihadhari na sifa tupu. Kuchimba ngoro kwa kuiga tu hakumwandai kijana kwa ulimwengu wa mitambo. Mashine huchukua kwanza kazi ya kurudia-rudia. Na shule inayokaririsha majibu humfunza mwanafunzi kazi hiyohiyo. Anayekariri bila kuelewa anashindana na mashine mahali ambapo mashine haishindwi. Bali anayeuliza kwa nini shimo hili limejaa maji na lile limekauka, akapima, akalinganisha, ana stadi atakayoihitaji shambani, kiwandani na mbele ya kompyuta.

Kwa mizani hiyo tuipime Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 imeweka katika sekondari mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Nia ni njema, wala si ngeni: katika miaka ya 1970 sekondari zetu zilipewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Lakini mkondo wa amali ukigeuka kimbilio la wanaodhaniwa hawana akili, tutakuwa tumerudia kosa lile la kutenga mkono na kichwa. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nasi twaongeza kwamba amali bila elimu ni mzinga usio na nyuki.

Pengine mwalimu atauliza: shule isiyo na kompyuta ianzie wapi? Ianzie kwenye daftari na kopo la kupimia mvua. Darasa likiandika mvua ya kila siku na mavuno ya kila tuta, mwaka baada ya mwaka, litakuwa limejifunza kukusanya habari, kuzipanga na kuzitilia shaka. Siku kompyuta itakapofika, itakuta jambo la kukokotoa na vijana wanaojua la kuiuliza. Ikikuta daftari tupu, itakuwa pambo la ofisi ya mkuu wa shule.