Ulanzi na Saa Yake

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Walimu tumeitumia methali hii miaka mingi kuwaonya vijana wasivimbe kichwa. Lakini tukiirudisha kwenye pombe yenyewe, hasa ulanzi wa Iringa na Njombe, linazuka swali ambalo darasani haliulizwi: huyo mgema alisifiwa kwa lipi, na aliyemsifu alikuwa ameonja nini?

Ulanzi ni maji ya mlanzi, aina ya mwanzi unaopandwa katika Nyanda za Juu Kusini. Hugemwa wakati wa mvua tu, kwa kuwa ndipo machipukizi yanapotoka ardhini. Mgema hukata ncha ya chipukizi changa, kisha hulitia jeraha asubuhi na jioni kwa muda wa wiki moja hivi mpaka lianze kutoa maji, ndipo akinge chombo chake. Hakuna anayetia hamira. Chachu ya asili huanza kazi matone yakiwa bado yanadondoka, wala haipumziki. Kwa hiyo ulanzi una msimu wake, na ndani ya msimu una saa yake.

Ulanzi mtogwa, uliotoka kukingwa, una weupe wa ukungu kama maji yaliyooshewa mchele. Hunukia majani mabichi, na utamu wake hukumbusha maji ya muwa, ila ni mwepesi zaidi. Ni kinywaji kizuri, lakini kina neno moja tu la kusema. Ulanzi mkangafu, uliolala, umekwisha kuchacha: utamu umetoweka, ukali unakwaruza koo, na harufu inaelekea kwenye siki. Kati ya hizo mbili ipo saa ambayo utamu haujaondoka na uchachu umekwisha kuingia, na povu linachoma kidogo ncha ya ulimi. Ukimeza, kinywa hubaki kisafi na hamu ya funda la pili huja yenyewe. Kama ningekuwa nasahihisha mtihani, huo ndio ningeupa alama za juu.

Wanywaji wengi hawauulizii huo. Swali lao ni moja: unalewesha? Muuzaji naye husikia. Huacha ulanzi uchache kupita kiasi, kisha huongeza maji ili ndoo ijae na sukari ili maji yasionekane. Ulimi uliozoea hautadanganyika: sukari ya dukani hukaa juu peke yake, chini yake ni maji matupu, na ile harufu ya majani mabichi haipo tena. Shambani nako hasara ipo. Chipukizi lililogemwa halikui likawa mwanzi uliokomaa. Anayegema yote kwa tamaa atakosa mianzi ya vikapu na ya ujenzi.

Wapo wasemao kwamba kinywaji cha msimu ni cha kishamba, na kwamba ustaarabu ni bia nyeupe ya chupa. Wasemao hivyo hawajui bia hiyo ilikotoka. Huko Bavaria, mwaka 1553, watawala walikataza kupika bia kati ya Aprili 23 na Septemba 29, kwa sababu joto la kiangazi liliiharibu. Bia ya lager huchachuka katika baridi, kisha hukaa majuma kadhaa ikitulia, na kabla ya mashine za ubaridi za Carl von Linde katika miaka ya 1870 wapishi wake walitegemea majira na barafu. Mashine ziliwaondolea msimu, nao wakapata bia inayofanana Januari na Agosti. Hiyo ni faida kubwa, nami siibezi. Kosa ni kuudai ulanzi ufanane hivyo hivyo, kwa maana utakaopatikana kila siku ya mwaka na wenye ukali uleule, ujue umetiwa mkono.

Basi, msomaji, mvua zikikukuta Iringa au Njombe, usianze kwa kuuliza nguvu. Uliza umegemwa saa ngapi. Ukipata jibu la kweli, kunywa kidogo na taratibu, halafu ukisifu, taja ulichokisifu. Mgema akiulizwa saa atajua kwamba mteja wake anaonja, na mkono wake utasita kabla ya kuufikia mtungi wa maji.